Kompresa ya Berlin, spika za Manzese

Mpe prodyuza wa Berlin plagini mpya ya kompresa, yaani programu ndogo inayochomekwa kwenye programu ya kurekodia, atauliza kwanza imeiga kifaa gani na imekifikia kwa kiasi gani. Mpe prodyuza wa Dar es Salaam hiyohiyo, atauliza kama itafunguka kwenye laptopu yake. Mimi nimekaa katikati ya maswali hayo kwa muda sasa. Mchana nafanya miksi kwenye studio tunayochangia kodi pale Neukölln, Berlin, usiku napokea mafaili ya WhatsApp kutoka kwa binamu yangu wa Manzese, Dar, ambaye ana chumba, maikrofoni moja na foleni ya wasanii mlangoni.

Kwa asiyekaa studio: kompresa hubana sauti pale inapovuka kiwango ulichoweka. Mwimbaji akipaza, inateremsha. Baada ya hapo unapandisha kila kitu kwa pamoja, na ndiyo maana kwenye rekodi mnong'ono husikika vizuri karibu kama ukelele. Unachopanga ni mambo machache tu: ianze kubana wapi, ibane kwa uwiano gani, iwahi kiasi gani kushika, na ichukue muda gani kuachia. Hayo mawili ya mwisho, ataki na rilizi, ndiyo yanayogombanisha watu.

Berlin ni mji wa watu wa programu za muziki. Ableton na Native Instruments zote zilizaliwa hapa, na kupima ni sehemu ya mazungumzo ya kawaida, hata kwenye bia. Plagini mpya ikitoka, wenzangu wanachukua sauti moja, wanaipitisha kwenye plagini na kwenye kifaa halisi kinachoigwa, wanageuza wimbi moja kichwa chini, halafu wanayachanganya. Yakilingana kabisa, unasikia kimya. Kinachobaki kusikika ndiyo tofauti yake. Kisha wanafungua Plugin Doctor, programu inayochora tabia ya plagini kwa mistari, na hapo jioni imekwisha.

Vifaa vinavyoigwa ni vichache na ni vya zamani. Ipo LA-2A ya miaka ya 1960, kazi ya Jim Lawrence wa kampuni ya Teletronix huko California: ndani yake mna kijitaa kinachong'aa kadiri sauti inavyopanda, na kipokezi cha mwanga kinachoamua ibane kiasi gani. Ipo 1176 ya Bill Putnam, ya mwaka 1967, inayotumia transista na kushika haraka ajabu, kuanzia mikrosekunde 20 hadi 800, yaani hata ukiipunguza mwendo mpaka mwisho bado haijafika milisekunde moja. Ipo kompresa ya meza za miksi za SSL za 4000, inayobana miksi nzima ili vyombo vishikamane. Ukifungua tovuti yoyote ya plagini leo, nusu ya unachokiona ni watoto na wajukuu wa hao watatu, wamechorewa hadi mikwaruzo ya rangi na sindano inayochezacheza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Kujua kama plagini imefanana na 1176 kuna maana kwa mtu aliyewahi kuishika 1176, au anayeweza kuikodi kwa siku moja akalinganisha. Binamu yangu hajaiona hata kwa picha nzuri. Kumwambia plagini fulani imefikia asilia ni kumsifia mtoto kwa kufanana na babu ambaye hakuna aliyemjua pale kijijini. Yeye anataka kujua itaifanyia nini sauti ya msanii aliyekaa mbele yake saa hii.

Lakini kuna jambo moja la Berlin ambalo nimelichukua lote, na nalihubiri kila nikipiga simu nyumbani: kusawazisha sauti kabla ya kuhukumu. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi, kati na juu kwa usawa, na kwamba mizania hiyo hubadilika sauti ikipanda. Ukiongeza sauti kidogo tu, besi inajaa na sauti za juu zinafunguka, ubongo unasema "hii tamu", na hakuna kilichoboreshwa. Kompresa nyingi zina kitufe kinachorudisha sauti juu chenyewe baada ya kubana, na mara nyingi hurudisha kupita ilipokuwa. Ukiwasha, wimbo unang'ara. Ukizima, unasinyaa. Umenunua desibeli mbili ambazo ungezipata bure kwa kusukuma kitufe cha sauti.

Kwa hiyo studio yetu ina kanuni: hakuna kusema kitu mpaka zote zimelingana kwa mita, na mmoja anabofya huku wengine wameangalia ukuta. Nimeona watu wenye majina wakikosa kuitambua plagini waliyokuwa wakiisifu wiki nzima. Wakati mwingine iliyoshinda ni ile ya bure. ReaComp, inayokuja na programu ya kurekodia ya REAPER, haina picha yoyote ya kuvutia, ni vitelezi vya kijivu tu, na ukiwa umefumba macho hakuna anayeicheka.

Manzese hakuna anayebofya huku wengine wamefumba macho, kwa sababu msanii amelipia saa zake na amekaa nyuma yako kwenye kochi na marafiki zake. Plagini inahukumiwa pale pale, na anayehukumu ni mteja. Akisema, "Kaka, mbona sauti yangu iko mbali?", kompresa hiyo imefeli, hata kama chati yake ni safi. Akianza kutikisa kichwa, imefaulu. Faili linatumwa kwenye simu, linapigwa kwa spika ya simu, kisha mtu anashuka nalo hadi kwa kinyozi wa jirani mwenye subwufa. Kuna dereva wa bajaji ambaye kwa hiari yake amekuwa mjaribu rasmi wa studio ile. Anapokea wimbo kwenye flashi, anazunguka nao, na jioni anarudi na ripoti fupi kuliko zote nilizowahi kusikia katika kazi hii: "Hailii," au "Inalia."

Wenzangu wa Berlin walipocheka habari ya bajaji, niliwauliza wao hupeleka wapi miksi zao. Kwenye gari, wakakiri, na kwenye simu. Tofauti ni kwamba wao wanafanya hivyo mwishoni, wakati plagini imeshanunuliwa.

Halafu kuna suala la ukubwa wa sauti, ambalo huku Ulaya watu hulichukulia kama ushamba. Spotify husawazisha nyimbo kwenye kiwango kimoja, takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na watangazaji wa Ulaya wana pendekezo lao la LUFS -23 tangu mwaka 2010. Ukibana wimbo wako ukawa tofali, mtandao unaushusha tu, na unabaki na tofali la kimya. Kwenye flashi ya bajaji hakuna anayeshusha. Wimbo wako unacheza baada ya wa mwingine, na ukiwa na sauti ndogo dereva anadhani umeharibika, anaruka. Prodyuza wa Dar anayetaka kompresa ya kusukuma si mshamba. Anajua flashi haina huruma.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulisikia likijadiliwa Berlin hata mara moja: kelele za chumba. Ukibana sauti kwa desibeli kumi kisha ukarudisha desibeli kumi, kila kilichokuwa kimya kati ya maneno kimepanda desibeli kumi. Kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kurekodi, kilichopanda ni pumzi ya mwimbaji, na watu huipenda. Kwenye chumba cha Manzese chenye magodoro ukutani, kilichopanda ni feni, jogoo, jenereta ya duka na mama anayemwita mwanawe. Kompresa inayoachia haraka huiingiza feni kila mara mwimbaji anapovuta pumzi, kama inapumua naye. Inayoachia polepole huificha. Hicho ni kigezo halali kabisa, tena kinaamua zaidi ya kufanana na kifaa chochote, lakini mapitio ya plagini hufanywa kwa vokali zilizorekodiwa mahali ambapo feni haijawahi kuingia.

Ila sasa ukija kwenye singeli, kuachia polepole hakufai. Muziki huu, uliokulia Uswahilini na kufika nje kupitia studio kama Sisso ya Mburahati, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Piga hesabu kwa 220: pigo moja ni milisekunde 273 hivi. MC akitema silabi tatu kwa pigo, kila silabi ina takriban milisekunde 91. LA-2A huachia nusu ya kilichobanwa kwa milisekunde 60 hivi, lakini nusu iliyobaki inaweza kuchukua sekunde kadhaa, kwa sababu kile kipokezi cha mwanga kinakumbuka kilichopita. Kwenye wimbo wa taratibu, kumbukumbu hiyo ndiyo utamu wenyewe. Kwenye singeli kompresa haifiki mwisho wa kuachia hata siku moja. Inashuka kwenye mstari wa kwanza na kukaa hukohuko hadi wimbo uishe, kama umeteremsha sauti kwa mkono na kuondoka.

Lugha nayo ina lake. Kiswahili hufunga silabi nyingi kwa irabu, na MC anayekimbia hana mapengo ya kimya, nguvu inamwagika mfululizo. Kinachotenganisha neno na neno ni ule mpasuko mfupi wa k, t, p na ch mwanzoni mwa silabi. Ataki ya mikrosekunde 20 huukata kichwa mpasuko huo, na maneno yanakuwa uji. Ukisogeza hadi milisekunde tano au kumi, mpasuko unapita kwanza, irabu inabanwa baadaye, na unamwelewa MC hata kwenye spika ya simu. Hakuna mapitio niliyosoma kuhusu plagini hizi yaliyofanywa kwa sauti ya namna hii.

Suala la pesa nitalipitia haraka. Plagini zilizovunjwa kufuli la leseni zimejaa kwenye flashi za Dar, na zimejaa pia kwenye laptopu za wanafunzi wa Berlin, tusidanganyane. Hoja yangu kwa binamu ya kutozitumia si maadili. Plagini iliyovunjwa inaweza kuzima kompyuta katikati ya kazi ya mtu aliyelipa, wakati DC1A ya Klanghelm na Kotelnikov ya Tokyo Dawn zina matoleo ya bure na halali, ambayo hayaombi intaneti kila unapofungua. Umeme ukirudi usiku wa manane na bando limeisha, hilo lina thamani kuliko mchoro wa sindano.

Mwezi uliopita binamu alikuwa ameitamani plagini ya bei, mjukuu wa LA-2A, kwa sababu prodyuza mmoja mkubwa wa Marekani anaisifia YouTube. Nilimwambia achukue vokali ya singeli aliyorekodi mwenyewe, feni ikiwa inazunguka, aipitishe kwenye hiyo kwa muda wa majaribio na kwenye ReaComp, asawazishe kwa mita, kisha dereva wa bajaji apewe matoleo mawili bila majina. Kwa singeli dereva alichagua ReaComp bila kusita. Waliporudia kwa wimbo wa taratibu wa dada mmoja mwimbaji wa taarab, alichagua ile ya bei, na mimi pia ningeichagua, kwa kuwa feni haikusikika kabisa.

Nilipowasimulia wenzangu wa Neukölln, mmoja alisema jibu ni rahisi: huyo kijana atengeneze chumba kwanza, aweke paneli za ukutani, kompresa baadaye. Nilimpelekea binamu ushauri huo. Alijibu kwamba chumba ni cha kupanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya misumari.