Moto Juu, Moto Chini: Kuku Mzima Katika Milima ya Utah

Nilitua Salt Lake City mchana wa Julai, na kilichonishtua kwanza ni ukavu wa hewa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezoea joto linalolowesha shati. Hapa jua lilikuwa kali vilevile, lakini jasho lilikauka kabla sijalihisi, na midomo ikaanza kukakamaa tungali kwenye maegesho ya magari. Wenyeji wangu, mzee na mkewe, walimu wastaafu, walinipa chupa ya maji wakanisihi nisiache kunywa. Tulipitia duka la nyama ya halali, kwa kuwa walishanipangia mlo wa kesho yake, kisha tukashika barabara ya kaskazini kwenda Logan, mwendo wa kilomita 130 hivi, milima ya Wasatch ikitusindikiza mkono wa kulia.

Jioni ile sikujua nilale saa ngapi. Saa mbili na nusu usiku nilitoka barazani nikakuta kungali na mwanga wa kusomea gazeti. Kwetu saa hiyo watu wameshaswali Isha na taa zimewaka zamani.

Kesho yake ilikuwa Julai 24, sikukuu kubwa ya jimbo la Utah. Siku hiyo huadhimishwa kuingia kwa waanzilishi wa Kimormoni katika bonde la Salt Lake mwaka 1847, wakiongozwa na Brigham Young, baada ya safari ndefu ya mikokoteni iliyokokotwa na ng'ombe. Familia hubeba vyakula na kwenda milimani. Sisi tuliingia bonde jembamba la Mto Logan, kuta za mawe zikiwa zimesimama pande zote mbili na maji ya baridi yakipiga kelele chini. Mzee akafungua buti la gari na kuniomba nimsaidie kushusha chungu.

Nilikikamata kwa mikono miwili. Ni chungu cha chuma cha kusubu, kizito kama mtoto wa miezi mingi, cheusi na chenye kung'aa kwa mafuta yaliyokomaa ndani ya chuma kwa miaka. Kina miguu mitatu mifupi, mkono wa waya mnene wa kukining'iniza, na mfuniko bapa ambao ukingo wake umesimama kuzunguka pande zote. Wenyewe hukiita Dutch oven. Waanzilishi walisafiri na vyungu vya aina hii kwa sababu kimoja kilitosha kuchemshia mchuzi, kukaangia nyama na kuokea mkate, hata mahali pasipo na jiko wala tanuri. Mwaka 1997 Utah ilikitangaza kisheria kuwa chungu rasmi cha jimbo. Sikuwahi kufikiri kwamba bunge linaweza kukaa na kupitisha sheria ya kuenzi chombo cha kupikia, lakini nilipokwisha kula niliwaelewa.

Ule ukingo wa mfuniko ndio ulionishangaza zaidi, maana niliitambua mara moja kazi yake. Nimekua nikimwona mama akipalia wali: maji yakishakauka, anapunguza moto chini, anafunika kwa sinia na kupanga makaa juu. Mkate wa kumimina nao huiva hivyo hivyo. Taabu ipo wakati wa kufunua, kwani jivu hungoja mkono utetereke liingie chakulani. Hapa mtu aliyesubu chuma alilifikiria jivu tangu mwanzo, akalijengea ukuta.

Mkaa wao ulikuwa briketi, vipande vilivyoshindiliwa kwa mashine, vyote vya ukubwa mmoja. Hakuna aliyepepea. Mama mwenyeji alivimimina ndani ya kopo refu la bati lenye matundu chini, akachomeka gazeti kwa chini na kuliwasha. Moto ulipanda wenyewe kama kwenye bomba la moshi, na baada ya dakika kama 20 briketi zikavaa jivu la kijivu.

Hapo akaitwa mjukuu wao, msichana mdogo, kuja kuhesabu. Nilidhani ni mchezo wa kumfurahisha mtoto, kumbe ndiyo kanuni yenyewe. Upana wa chungu chetu ulikuwa inchi 12. Unaongeza tatu, unapata 15 za juu. Unatoa tatu, unapata tisa za chini. Joto la ndani hufika nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Juu huwekwa nyingi kwa sababu joto hupenda kupanda, na za chini zikizidi, chakula kinachogusa chuma huungua upesi. Msichana alizipanga tisa kwa duara juu ya sinia la chuma, ili majani makavu ya milimani yasishike moto, na babu yake akatua chungu juu ya briketi hizo.

Ndani tulilaza vitunguu, karoti na viazi, kisha kuku mzima, kifua juu, amepakwa siagi, chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu. Hakuna hata kikombe cha maji. Kwetu kuku hukatwa vipande, na wa kienyeji huchemshwa kwanza hadi alainike. Nikauliza huyu ataivaje kavukavu. Mama mwenyeji akanieleza kwamba uzito wa mfuniko hauuachi mvuke utoroke, kwa hiyo kuku na mboga hujipikia kwa maji yao wenyewe.

Kila baada ya robo saa, mzee aligeuza chungu robo mzunguko kwenda kulia, halafu kwa ndoano ya chuma akageuza mfuniko robo kwenda kushoto, ili pasiwe na upande uliokaa muda mrefu juu ya kaa kali. Briketi zilipoanza kusinyaa akaongeza mpya. Kufunua alikataa kabisa, kwa kuwa kila ukifunua unamwaga joto. Baada ya saa moja na nusu hivi ndipo akafunua, akachoma kipimajoto kwenye paja mpaka karibu na mfupa. Kikivuka nyuzi 74, kuku ameiva.

Mfuniko ulipoinuliwa, bila hata chembe ya jivu kudondoka, nilipiga kelele ya furaha. Ngozi ilikuwa ya hudhurungi, laini, si kavu kama ya kuku wa kuchoma, na paja liliachana na mfupa kwa kuguswa tu. Viazi vya chini vilikuwa vimenywa mafuta yote ya kuku. Nilikamua limao, nikala mpaka nikaona haya kuongeza, nao wakaniongeza.

Usiku ule niliwasimulia juu ya kupalia, na asubuhi iliyofuata wakataka kuona. Tulipata tui la kopo, nikapika wali ndani ya chungu kile kile. Maji yalipokauka nikanyoosha kiganja juu ya moto, kama afanyavyo mama, nikaanza kuondoa makaa chini na kuyahamishia kwenye mfuniko. Mama mwenyeji alinizuia kidogo, akahesabu: zimebaki tano chini, 12 juu. Akaandika kwenye daftari lake la mapishi.

Wali ukatoka punje mojamoja, na ukoko mwembamba chini, ambao mjukuu aliukwangua wote. Nilifurahi kuliona jambo ambalo mama analijua kwa kiganja likisimama pale kwa tarakimu, tayari kufundishwa kwa yeyote. Kipimo chetu kipo mkononi, chao kipo kwenye hesabu, na kazi ni moja. Nikirudi Tanga nitakaa na mama jikoni, yeye apalie, nami nihesabu makaa.