JOHO MOJA, MIKONO MINGI

 

Msimu wa mahafali umefika na simu zetu zimejaa picha. Majoho, kofia, maua, akina mama wakipiga vigelegele. Vyuo navyo vinawatumia habari waliosomea pale zamani: kuna jengo jipya, kuna kozi mpya, njooni muone chuo chenu. Mimi hufurahia kila picha. Mtu asikwambie furaha hiyo ni majivuno. Warumi 12:15 inatuagiza tufurahi na wanaofurahi, na agizo hilo ni zito kama lile la kulia na wanaolia.

Lakini leo iangalie picha hiyo tena, uwatafute wasioonekana.

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufuoni hapa Mfangano utaona taa za wavuvi wa omena zimetanda ziwani kama mji. Nyingi za taa zile ni karo ya mtoto wa mtu. Asubuhi akina mama wanapokea omena, wanaanika, na mvua ikitishia wanakimbia kuanua. Kisha kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena unafungwa ili samaki wazaane. Miezi minne ziwa limefungwa, lakini karo haifungwi. Hapo ndipo chama kinapokopesha, shangazi anapouza mbuzi, kanisa linapofanya harambee, na mwenye boti anapomvusha mwanafunzi hadi Mbita akimwambia, "Utalipa ukirudi." Joho huvaliwa na mtu mmoja, lakini mikono iliyolishona ni mingi.

Sisi watu wa ziwa hili tunalijua jambo hilo vizuri. Ukitoka Sena kwa boti kuelekea Mbita unapita Rusinga, na pale ndipo alipozikwa Tom Mboya. Kijana yule aliacha masomo ya sekondari pale Mang'u kwa kukosa karo. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya Nairobi, na baadaye akapata nafasi ya kusoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford. Lakini mwaka 1959, akiwa na miaka 29, aliwatafutia vijana wengine ufadhili na nauli, na ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mamia walifuata. Mmoja wa walioenda mwaka 1960 ni Wangari Maathai. Alirudi nyumbani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Aliyefungiwa mlango kwa sababu ya karo ndiye aliyewafungulia wengine. Leo mtoto wa Mfangano anaweza kusomea Homa Bay, katika chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya. Kilianza mwaka 2016 kama chuo kishirikishi cha Maseno, na mwaka 2022 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Sasa nije kwa jambo linalonikosesha usingizi.

Mama mmoja alinisubiri baada ya ibada, watu wote walipokwisha kutoka. Akaniambia, "Pasta, nilianika omena miaka minne. Kijana amefuzu, tukachinja, tukacheza. Sasa ni mwaka wa pili hana kazi. Mchana analala, usiku ndio anatoka, ili watu wasimuulize. Niambie, nilipanda mbegu mbaya?"

Sikumpa jibu la haraka. Nilikaa naye, tukaomba. Kesho yake nikaenda kumwona kijana. Akasema, "Pasta, naogopa kushuka ufuoni. Watasema digrii imerudi kwa nyavu."

Nikamsomea habari za Musa. Matendo 7:22 inatuambia alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Kwa lugha yetu, huyo ni msomi wa chuo kikubwa cha wakati ule. Fungua Kutoka 3:1 uone yuko wapi. Anachunga kondoo, na kondoo wenyewe si wake, ni wa mkwewe! Miaka arobaini. Je, elimu ilipotea? Hapana. Jangwa lile lile alilokuwa akilizunguka na kondoo ndilo alilokuja kulivuka na taifa zima. Na Mungu alipomwita hakumuuliza cheti kiko wapi. Alimuuliza ana nini mkononi.

Sitawadanganya kwamba kijana yule alipigiwa simu ya kazi wiki ile. Bado anatuma maombi ya kazi. Ila sasa mchana anatoka. Anawaandikia wavuvi hesabu zao, na Jumamosi anafundisha watoto wa Kidato cha Nne hisabati kanisani kwetu. Mama yake ameacha kuuliza kuhusu mbegu. Anauliza mvua itanyesha lini, kama zamani.

Kwa hiyo nina maneno matatu.

Wewe uliyefuzu: katika Luka 17 walitakaswa kumi, akarudi mmoja kushukuru. Kuwa huyo mmoja. Kabla picha haijazeeka, mpigie simu mwenye boti, shangazi, mwalimu wako wa msingi. Na usione haya kuanza na kilicho mkononi.

Wewe uliyefuzu zamani na umefanikiwa: chuo kikikuita, itika. Lakini kumbuka pia shule ya msingi uliyotoka na mtoto aliye pale leo bila karo. Mlango uliofunguliwa kwako usiufunge nyuma yako.

Wewe mzazi na wewe jirani: acheni kumuuliza kijana kila siku, "Umepata kazi?" Swali hilo limewafungia wengi ndani. Muulize, "Umekula? Tukuombee nini?" Na mtu akikuambia utoe pesa ndipo akutabirie kazi ya mtoto wako, usiuze wavu wako. Neema ya Mungu haiuzwi.

Soma Zaburi 126 yote leo usiku. Ni fupi. Kisha soma tena mistari miwili ya mwisho ukimfikiria mama aliyeanika omena.

Tuombe. Baba, wabariki waliovaa joho na waliolishona. Waliorudi nyumbani bila kazi, waondolee aibu, uwaonyeshe kilicho mikononi mwao. Tufanye watu wa kufungua milango. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu aliyekushika mkono ukasoma, mwandikie leo umwambie asante. Mbarikiwe.