Wapangaji wa Makombe katika Ziwa Tanganyika

Mtu wa Lubumbashi hana haja ya kufundishwa maana ya kukaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwingine. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na hadi mwaka 1966 uliitwa Elisabethville. Kampuni ya Union Minière ilijenga kambi nyingi kwa wafanyakazi wake wa shaba. Mwaka 1967 mali zake za hapa nchini zilitaifishwa, na kampuni ya taifa iliyozirithi ikaja kuitwa Gécamines. Majina yalibadilika, nyumba zikabaki. Wengi wa wale waliozifungua milango mara ya kwanza wamekwisha kufa, na leo uani hucheza watoto wa jamaa nyingine.

Miongoni mwa viumbe wa majini pia wako wanaoishi hivyo. Wakaao pwani ya Bahari ya Hindi, toka Lamu hata Unguja na Kilwa, humjua kaa mdogo aonekanaye miambani maji yanapokupwa, akitembea na kombe la konokono mgongoni. Kombe hilo si lake. Kaa huyu ana magando magumu mbele, lakini nyuma mwili wake ni laini kabisa, nao umejipinda. Asipoufunika, ndege au samaki atamla. Kwa hiyo hutafuta kombe tupu ambalo mwenyewe amekufa, huingia kinyumenyume, na hulibeba kila aendako. Akikua, nyumba humbana, naye hana budi kutafuta nyingine. Kombe kubwa likipatikana, mara nyingine kaa kadhaa hukusanyika na kujipanga kwa ukubwa. Wa kwanza akihama, wa pili huchukua kombe lake, na wa tatu huchukua la wa pili, hata mdogo wa mwisho apate nafasi.

Toka Lubumbashi hata pwani hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini si lazima kwenda mbali hivyo ili kuona jambo linalofanana na hili. Njia ya reli itokayo kwetu hupita Kamina na Kabalo, ikaishia Kalemie, mji ulioitwa Albertville zamani, penye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kongo, Tanzania, Zambia na Burundi zinapakana nalo zote. Ukisafiri kwa mtumbwi toka Kalemie kuelekea Moba, upande wa kusini, utaona milima ikishuka hata majini na miamba ikiendelea chini ya maji.

Katikati ya miamba hiyo mna nafasi za mchanga, na mahali pengine mchanga umefunikwa na maelfu ya makombe matupu. Ni ya konokono wa ziwa hili, ambaye wataalamu humwita Neothauma tanganyicense, naye hapatikani katika ziwa jingine lolote. Maji ya Tanganyika yana chokaa nyingi, ndiyo sababu makombe hayayeyuki upesi. Wataalamu waliopima umri wake wameona kwamba mengine yamelala humo kwa karne nyingi, na mengine yamepita miaka 1,000.

Basi, wapangaji wa makombe haya ni samaki. Wako wadogo kuliko kidole cha mtu, waishio jamaa kwa jamaa. Huchota mchanga kwa vinywa vyao na kuutupa kando, ili makombe yaliyofukiwa yafunuke. Hatari ikija, kila mmoja hukimbilia katika mlango wake. Wengine hulizika kombe katika mchanga, wakaacha mlango tu wazi, hata adui apite juu bila kulitambua.

Wa kustaajabisha zaidi ni yule aitwaye Lamprologus callipterus. Dume lake huwa na uzito unaozidi ule wa jike mara 12 hivi. Hawezi kuingia ndani ya kombe, lakini huyabeba makombe kinywani, moja moja, akayakusanya mahali pamoja. Majike huja wakaingia, wakataga mayai, na kukaa humo kuwalinda watoto kwa muda wa siku 10 hadi 14. Hata wizi upo: dume huiba kombe la jirani, pengine pamoja na jike aliyemo ndani. Bila kombe hakuna kizazi.

Hapo ndipo ilipo hatari. Watu wakikata miti ya milimani ili kupata makaa na mashamba, mvua huuchukua udongo na kuuteremsha ziwani. Udongo huo mwembamba hutulia juu ya miamba na juu ya makombe, ukaziba milango. Samaki mdogo anaweza kuondoa mchanga wa siku moja, lakini hawezi kushindana na tope la kilima kizima. Na makombe yaliyokusanyika kwa karne nyingi, yakifukiwa, hayarudishwi kwa mwaka mmoja.

Baharini nako shida ya nyumba imeingia. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba, katika picha zilizopigwa sehemu mbalimbali za dunia, walihesabu kaa 386 waliokuwa wamevaa takataka badala ya kombe, wengi wao vifuniko vya plastiki.

Wanadamu wa ufukoni hawako mbali na habari hii. Mwaka huohuo wa 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mno, yakaingia katika nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura, na jamaa nyingi zikahama na vyombo vichwani. Aliyewahi kutafuta mahali pa kulaza watoto wake usiku ule anajua thamani ya mlango.

Kwa hiyo mzazi apelekaye watoto wake ufukoni, kwenye ziwa au bahari, awafundishe kutazama ndani ya kombe kabla ya kulitia mfukoni, na hata likiwa tupu, waliache lilipo, kwa maana yuko anayelitafuta. Naye mwenye shamba mlimani juu ya ziwa aiache miti isimame katika miteremko mikali na kando ya vijito. Udongo utabaki shambani mwake, aupande muhogo, na kule chini milango ya wapangaji wadogo itabaki wazi.