Kimya Si Karibu

Kwetu Dongobesh, Mbulu, huingii kwa mtu bila hodi, unangoja "karibu". Vyombo navyo vivyo hivyo, mshikaji. Maikrokontrola mbili zikiongea kwa waya, kila moja ina saa yake. Zinapatana mwendo tu. Kwa biti 9600 kwa sekunde, kila biti hukaa mikrosekunde 104 hivi. Anayepokea akizidiwa hutoa ishara: subiri kwanza! Isipotiiwa, herufi zinamwagika.

Tangu Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na kuua watu, naota kipima mvua kule juu, kinachotuma habari bondeni. Lakini mjumbe asiyengoja jibu atajuaje kama kasikika? Mlima upige hodi, nasi tuitike. Kimya si karibu.