Shahada na Mwenye Shahada

Katika mtaa wa Hurlingham, magharibi ya jiji la Nairobi, iko barabara iitwayo Argwings Kodhek. Kila siku maelfu ya watu huipita, na mimi ni mmoja wao, niendapo shuleni kufundisha. Ukiwauliza wengi wao jina hilo ni la nani, watakujibu kwamba ni jina la barabara tu. Kila mwaka vyuo vikuu husifu wahitimu wao, na yafaa kijana ajue jinsi ya kuzipima sifa hizo. Basi, msomaji mpenzi, nitakueleza habari za mwenye jina hilo, pamoja na wahitimu wengine wawili.

Kodhek alisoma Makerere, nchini Uganda, akawa mwalimu. Baadaye alikwenda Uingereza, akarudi mwaka 1952 hali ni mwanasheria, wakati ambapo wanasheria Waafrika nchini Kenya walihesabika kwa vidole. Mwaka huo huo Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Watu wengi walishtakiwa kwa ajili ya Mau Mau, na baadhi yao walikabiliwa na kitanzi. Kodhek alisimama mahakamani kuwatetea, ingawa kazi hiyo haikumpendeza mtawala. Alifariki Januari 1969 akiwa waziri, katika tukio lililotangazwa kuwa ajali ya motokaa, kwenye barabara hii ambayo leo yachukua jina lake.

Ukishika njia ya kuteremka mjini utafika Uhuru Park. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujenga hapo jumba la ghorofa 60. Aliyeongoza kulipinga ni Wangari Maathai. Alitukanwa sana, lakini jumba halikujengwa. Bibi huyu alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, naye alikuwa mtaalamu wa maumbile ya wanyama. Alipokuwa akikusanya kupe wa ng'ombe kwa ajili ya uchunguzi wake, aliona kwamba ng'ombe wenyewe wamekonda na mito imejaa udongo. Alitafuta kupe, akaiona nchi inayokauka! Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika.

Wa tatu ni wa siku hizi zetu. Idza Luhumyo alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini kalamu ikamvuta upande mwingine. Mwaka 2022 alishinda Tuzo ya Caine, ambayo hutolewa kwa hadithi fupi za Waafrika. Hadithi yake yahusu mwanamke ambaye nywele zake zina uwezo wa kuleta mvua, na jinsi watu wanavyomtazama kwa sababu ya nywele hizo.

Waangalie watatu hawa. Mwalimu akawa mtetezi, mchunguzi wa wanyama akawa mpanda miti, na mwanasheria akawa mwandishi. Hapana hata mmoja aliyeshika njia iliyonyoka. Lakini wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Elimu ya kwanza haikupotea. Ilimfundisha kila mmoja kutazama kwa makini na kuvumilia kazi ngumu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali zito. Kaka yake ana shahada, na huu ni mwaka wa pili auza matunda kando ya barabara. "Mwalimu," akasema, "basi nasoma kwa nini?" Mimi sikufika chuo kikuu; nilitoka chuo cha ualimu, nami najua jinsi mtu anavyoweza kupimwa kwa karatasi yake. Sikumwahidi kwamba kazi ya ofisini itamngojea, maana ningalimdanganya. Nilimwambia kwamba kaka yake anayejilisha kwa jasho lake hastahili kuonewa haya, na kwamba nchi isiyowapa vijana wake kazi ina deni kwao. Kisha nikamwambia kwamba shahada ni jembe: halilimi lenyewe, lakini asiye nalo hulima kwa taabu zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, usomapo sifa za mhitimu yeyote, usiishie kwenye cheo na tuzo. Uliza ni nani aliyetetewa, ni kipi kilichopandwa, na ni hadithi gani iliyosimuliwa ambayo bila yeye isingalisikika. Nawe ukiwa bado darasani, jiulize maswali hayo hayo kabla hujachagua la kusomea, kwa kuwa cheo hukoma siku ya kustaafu, bali mti hutoa kivuli hata baada ya aliyeupanda kuondoka.