Machungwa Yalipopukutika

Ndugu mwanachuo, mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha darasa la tano katika shule moja mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay. Nyuma ya darasa letu ilikuwapo michungwa sita. Asubuhi moja ya Januari niliikuta ardhi imetapakaa vichungwa vya kijani. Mvulana mmoja alisimama pale na fimbo mkononi. Sikumwuliza neno; nilimwadhibu mbele ya wenzake.

Kesho yake vilianguka vingine, naye mvulana hakuja shuleni. Hapo nilifahamu kwamba nimehukumu kabla ya kuchunguza.

Niliwaagiza wanafunzi waviokote na kuvipanga mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa la vidogo kama njegere, visivyo na jeraha. Hivyo huanguka kwa kawaida, kwani mchungwa huchanua maua mengi kuliko matunda unayoweza kuyalea, na katika kila maua mia hukomaa matunda machache tu. Fungu la pili lilikuwa la vikubwa kama gololi, navyo vilitoka chini ya miti mitatu iliyoota penye mchanga. Tulifukua shubiri moja, tukakuta mchanga mkavu. Mvua ilikuwa imekatika majuma mawili, na mti ukikosa maji hulegeza vikonyo na kuangusha matunda. Tuliimwagilia miti hiyo maji ya ziwani, tukatandaza nyasi kavu mashinani. Kuanguka kukapungua.

Mwezi Mei, machungwa yalipokaribia kuiva, tulipata fungu la tatu: yenye kitundu kidogo na funza ndani. Nzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda. Haya tuliyaokota kila siku na kuyafukia katika shimo refu, ili funza wasigeuke nzi wapya.

Lakini nirudi kwa yule mvulana. Jioni ile ya Januari nilikwenda kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Akanijibu kwa upole: "Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa nafukuza mbuzi."

Utakapokwenda mazoezi ya kufundisha, utakuta bustani ya shule ina dosari. Usianze kumtafuta mkosaji. Waite wanafunzi, waokote, wahesabu, wapange mafungu. Kisha waulize wameona nini. Somo hilo halihitaji kifaa chochote ila subira ya mwalimu, na mimi niliikosa siku ile iliyohitajika.