Kitanda Kilichojifunza Kukesha

Watu husema kuwa usingizi ni ndugu wa mauti. Mimi nimepata kuishi karibu miaka miwili bila ya urafiki na ndugu huyo, na ushahidi wangu ni kuwa mtu aliyenyimwa usingizi hazidishi uhai wake kwa kukesha. Hupungua kidogo kidogo, kama taa iwakayo katika chumba kisicho na mtu wa kuutumia mwanga wake. Naandika habari hii si kwa kuwa mimi ni tabibu, maana kazi yangu ni ualimu, bali kwa sababu nilikosea njia mara nyingi kabla ya kuiona iliyo sawa. Na makosa ya mtu mmoja yaweza kuwa akiba ya wengi.

Katika mwaka wa 2016 baba yangu alishikwa na ugonjwa wa moyo. Nyumba yetu iko Tanga, na mimi ndiye mtoto niliyebaki karibu. Mchana mama na majirani walimtazama. Usiku ulikuwa zamu yangu. Pumzi yake ilikuwa ikimpaa kila alalapo chali, kwa hiyo ilinipasa kumwinua na kumwegemeza juu ya mito. Kitanda changu kiliwekwa chumbani mwake, mkabala na chake, na kwa muda wa miezi saba nililala sikio likiwa wazi. Alipokohoa niliamka, aliponyamaza kupita kiasi niliamka pia, na hofu ya kimya ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kikohozi. Walakini mwili wa mwanadamu si chuma. Alfajiri aliyofariki nilikuwa nimesinzia. Niliposhtuka kwa sauti ya adhana, alikuwa amekwisha kwenda.

Baada ya matanga watu walitawanyika, nami nikarudi katika kitanda kile kile, ndani ya chumba kile kile. Nilidhani kuwa sasa nitalala kama gogo, kwa kuwa nilikuwa na deni la usingizi la miezi saba. Haikuwa hivyo. Saa sita ya usiku nilikuwa macho, saa nane nilikuwa macho, na saa kumi nilikuwa nikisikiliza pumzi ambayo haikuwamo tena chumbani. Nilifanya ambalo karibu kila mtu hulifanya katika hali hiyo: nikaongeza muda wa kulala. Nikawa naingia kitandani saa tatu ya usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa kufikiri kuwa mvuvi akaaye baharini muda mrefu hapana budi apate samaki wengi. Kumbe nilikuwa nikitandaza usingizi mchache juu ya usiku mrefu, kama siagi haba juu ya mkate mkubwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitilia shaka. Baba alikuwa na nafasi yake barazani. Kila usiku, baada ya sala ya isha, wazee wa mtaa hukaa hapo, na muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe vidogo vinavyolia mkononi. Baada ya msiba wazee walinikaribisha mahali pa baba, nami nikaona ni utovu wa adabu kukataa. Nikanywa vikombe vitatu kila usiku, pamoja na kashata, kama alivyokunywa yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aamkapo, dutu iitwayo adenosini huanza kukusanyika katika ubongo wake, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini iliyo katika kahawa hukalia viti vya adenosini na kuuzuia ujumbe wake usifike. Mtu mzima mwenye afya huchukua kiasi cha saa tano kuipunguza kafeini hata ibaki nusu, ingawa watu hutofautiana sana. Basi kahawa niliyokunywa saa mbili ya usiku ilikuwa bado nusu yake mwilini mwangu saa saba, wakati mimi namlaumu shetani.

Kilichonizindua hakikuwa afya yangu, maana mtu huweza kuidharau afya yake muda mrefu. Kilikuwa karatasi ya mtihani. Siku moja mwanafunzi mmoja, msichana mpole ambaye hakupata kunipinga kwa neno, alikuja mbele yangu ameshika karatasi yake kwa mikono miwili. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Kisha akaniomba nimwonyeshe alipokosea, ili asirudie. Nilitazama: juu ya karatasi nilikuwa nimeandika 17. Nilijumlisha alama za maswali yake moja moja mbele yake, na jumla ilikuwa 71. Mtoto yule alikuwa amekaa juma zima akiamini kuwa hana akili. Nilimtaka radhi, nikasahihisha. Yeye akashukuru, ndipo aibu yangu ikazidi. Usiku ule nilikaa nikijiuliza ni karatasi ngapi nyingine nilizosahihisha kwa macho yaliyo wazi na akili iliyofunga mlango.

Binamu yangu akaaye Kanada alipopata habari aliniletea chupa mbili za vidonge: moja ya melatonini, na ya pili ya magnesiamu. Huko melatonini huuzwa madukani bila ya cheti cha daktari. Alinihakikishia kuwa vilimfaa yeye, nami nilivimeza kwa tumaini kubwa. Kwa siku nne nililala vyema. Siku ya tano nilirudi pale pale. Wahenga walituasa tusisafirie nyota ya wenzetu, nami nilikuwa nimepandisha tanga kwa nyota ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Si haki, hata hivyo, kuilaumu dawa kabla ya kuijua kazi yake. Melatonini ni homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika tezi ya pineali, ndani ya ubongo. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitambua katika mwaka wa 1958, baada ya kuitoa katika tezi za ng'ombe. Huanza kupanda giza linapoingia, na kazi yake ni kuuarifu mwili kuwa usiku umefika. Ni mpiga mbiu, si mbebaji wa watu vitandani. Kwa hiyo huweza kumfaa msafiri aliyevuka bahari kwa ndege na saa ya mwili wake ikapotea. Lakini mimi sikuwa nimesafiri. Mwili wangu ulijua vyema kuwa ni usiku, na kwa sababu hiyo hasa ulikesha. Miongozo ya matabibu wa usingizi wa Marekani iliyotolewa mwaka 2017 haikuipendekeza melatonini kwa watu wazima wenye ukosefu wa usingizi wa kudumu. Mwaka huo huo wachunguzi wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini, wakakuta kiasi kilichomo katika baadhi yake kilikuwa pungufu kwa asilimia 83 ya kilichoandikwa, na katika nyingine kilizidi kwa asilimia 478. Kuhusu magnesiamu, ni madini ambayo mwili unayahitaji, nayo hupatikana katika mboga za majani, kunde na korosho. Walakini ushahidi kuwa humletea usingizi mtu asiyepungukiwa nayo ni haba.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikwenda kwa daktari, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Alinipima shinikizo la damu. Akauliza kama nakoroma, kama pumzi hunikatika usingizini, na kama nimepata kuchoka na maisha. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Mwalimu, kitanda unacholalia ndicho ulichomkeshea mzee?"

Nikajibu kuwa ndicho.

Akasema, "Basi umekifundisha kitanda kukesha. Sasa itakupasa ukifundishe kulala."

Alinieleza kuwa hii si methali tu. Katika mwaka wa 1972 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Richard Bootzin, alionyesha kuwa kitanda huweza kufungamana na kukesha katika fahamu za mtu, mpaka kukiona tu kukamwamsha. Dawa yake ni kukitumia kwa kulala tu. Na usingizi usipokuja kwa muda kama robo saa, mtu aondoke, akae mahali pengine kwa utulivu, arejee macho yanapokuwa mazito. Mwenzake, Arthur Spielman, pamoja na wengine, walieleza katika mwaka wa 1987 njia iliyonitisha zaidi: badala ya kuongeza muda wa kulala, upunguze. Mafundisho haya mawili yamo katika tiba ya fikira na mwenendo, ambayo chuo cha matabibu wa Marekani, katika mwaka wa 2016, kiliipendekeza iwe ya kwanza kwa watu wazima, kabla ya dawa yoyote.

Kwa majuma mawili niliandika saa zangu. Ilionekana kuwa katika saa tisa za kitandani nililala saa tano tu na dakika chache. Daktari akanipa saa tano na nusu: kuingia saa sita ya usiku, kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, iwe nimelala au sikulala, iwe Jumatatu au Jumapili. Usingizi wa mchana ulikatazwa. Kahawa isipite adhuhuri. Simu ilale ukumbini. Kila juma ambalo nitakuwa nimelala sehemu tisa katika kumi za muda huo, niongezewe robo saa. Alinionya pia kuwa njia hii si ya kila mtu: mwenye kifafa, au dereva wa gari la abiria, hapaswi kuijaribu bila ya uangalizi. Mimi mwenyewe niliiacha pikipiki yangu nyumbani kwa majuma ya mwanzo.

Majuma yale yalikuwa magumu. Nilihamisha kitanda, nikakiweka katika chumba kingine, upande wa mashariki. Kila aliponitoka usingizi niliondoka, nikaenda kukaa kitini ukumbini penye taa hafifu. Na hapo, msomaji, yalinipata niliyokuwa nikiyakimbia. Kitandani nilikuwa nikipigana na usingizi. Kitini hapakuwa na wa kupigana naye, basi baba alikuja. Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi.

Usiku mmoja mama alinikuta katika hali hiyo. Akakaa karibu nami, nami nikamweleza jambo ambalo sikupata kumweleza mtu: kuwa niliacha zamu, na baba akafa mlinzi wake amelala. Mama alinyamaza muda. Kisha akasema, "Mwanangu, usiku ule niliingia na maji, kabla ya alfajiri. Baba yako alikuwa macho. Nilitaka kukuamsha, akanikataza kwa mkono. Alisema: Mwache alale, kesho ana watoto wa watu." Akaenda kutia udhu, na aliporejea, adhana ilikuwa imekwisha na kazi ya baba duniani imekwisha.

Sitasema kuwa nililala usiku ule. Nilikaa mpaka saa tisa. Lakini tangu hapo sikusikiliza tena pumzi za mtu chumbani. Juma lililofuata nilipata robo saa yangu ya kwanza, na baada ya miezi miwili na nusu, pamoja na kurudi nyuma mara mbili, nilikuwa nalala tangu saa nne na nusu hadi saa kumi na moja na nusu.

Katika maagizo yote ya daktari, ambalo lilinifaa kupita yote ni saa moja ya kuamka. Saa ya mwili wa mwanadamu huzidi saa 24 kwa kiasi cha dakika 10, na nuru ya asubuhi ndiyo huirudisha mahali pake kila siku. Sisi wa pwani, tulio karibu na Ikweta, tumepewa bahati katika hili: jua letu halitofautiani sana mwaka mzima, na Waswahili wameanza kuhesabu saa za mchana kutoka macheo yake. Mzee aliyekuwa akitoka nje alfajiri na kuliona jua likipanda hakusoma kitabu cha usingizi, walakini alikuwa akiitia saa yake ufunguo. Sisi tumeuchukua mchana tukauingiza katika simu, tukaulaza pamoja nasi chini ya mto, kisha twauliza usiku umekwenda wapi.

Barazani bado nakwenda. Nilipomweleza muuza kahawa habari yangu alicheka. Siku hizi hunimiminia kikombe kimoja asubuhi, na usiku nakaa na wazee mikono mitupu, wala hakuna aliyeniona nimekosa adabu. Vidonge vya binamu yangu vilipitwa na muda wake vikiwa nusu chupa. Karatasi za mitihani nazijumlisha mara mbili, asubuhi, mbele ya dirisha. Usiku, nikisikia mtu akikohoa katika nyumba ya jirani, huamka kidogo, kama askari wa zamani asikiapo tarumbeta. Kisha nakumbuka kuwa niliruhusiwa kulala, na kwamba kesho nina watoto wa watu.